Swali la lugha: «Nembo ya sauti» ni nembo gani?

Msomaji anayeandika makala kuhusu kanda za video za zamani anauliza kama sentensi yake hii ni sahihi: «Kabla ya filamu kuanza, ilitokea nembo ya sauti iliyohuishwa.» Anakusudia zile alama za Dolby (kampuni ya teknolojia ya sauti) na THX (chapa ya kuthibitisha ubora) zilizokuwa zikijongea kwenye kioo cha televisheni kabla ya filamu yenyewe.

Kisarufi sentensi haina kosa. Tatizo lake liko katika maana. Kihusishi cha -a unganifu hubeba mizigo mingi kwa wakati mmoja: kama vile «picha ya Juma» inavyoweza kuwa picha aliyoipiga Juma, anayoimiliki au inayomwonyesha, ndivyo «nembo ya sauti» inavyoweza kuwa nembo inayohusu sauti au nembo ambayo yenyewe ni sauti. Kwa bahati mbaya kwa mwandishi wetu, kanda hizo zilikuwa na zote mbili. Herufi mbili za D za Dolby, zilizogeuziana matumbo, ni mchoro unaomwarifu mtazamaji kwamba sauti ya kanda imerekodiwa kwa mfumo fulani. THX, kwa upande wake, iliambatanisha herufi zake na mngurumo uliotungwa na mhandisi wa sauti James A. Moorer, ambamo sauti zipatazo 30 huanza zikiwa zimetawanyika, kisha hupanda na kushuka hadi zikatulia kwa pamoja katika mwafaka mmoja mkubwa wa noti (chord). Mngurumo huo umesajiliwa Marekani kuwa alama ya biashara, na kwa hiyo huo ndio unaostahili kuitwa «nembo ya sauti» bila maelezo zaidi.

Kwa Dolby ningeandika «nembo ya mfumo wa sauti». Wapo wanaopendelea «umbizo» (format), lakini neno hilo limekwisha kuzoeleka kwa mafaili ya kompyuta, ilhali Dolby Surround ni utaratibu mzima wa kuficha sauti ya nyuma ndani ya njia mbili za stirio ili kifaa maalumu kiitoe tena. (Sisi tuliotazama kanda hizo kwenye televisheni ya spika moja tuliiona nembo tu, hiyo sauti ya nyuma hatukuwahi kuisikia.) THX haiingii humo. Ilipoanza mwaka 1983 haikuwa namna ya kurekodi bali kipimo cha ubora wa kumbi za sinema na vyombo vyake, na baadaye ikahakiki hata matoleo ya nyumbani. Hiyo ni nembo ya ithibati.

Sasa neno «iliyohuishwa». Limetokana na «uhuishaji», istilahi nzuri inayojengwa juu ya «hai», na katika makala ya katuni halina utata wowote. Hata hivyo, maofisini siku hizi watu huhuisha leseni, taarifa na mikataba, wakimaanisha kuzifanya ziende na wakati, na msomaji wa Dodoma akiona «nembo iliyohuishwa» atadhani kampuni imebadilisha nembo yake ya zamani. Kwa kuwa tunazo tayari «picha mnato» na «picha mjongeo», «nembo mjongeo» itaeleweka papo hapo.

Kuhusu «nembo» yenyewe, msomaji asibabaike na «logo». Nembo zilikuwa chale zilizochanjwa mwilini, mara nyingi usoni, kama zile za Wamakonde, ili mtu atambulike ni wa watu gani. Kazi ya herufi zile juu ya kanda haiko mbali na hiyo. Na «kanda» abaki nayo katika ngeli ya I-/ZI-, kanda ya video, kanda za video, ingawa «mkanda wa video» nao ni Kiswahili safi.

Sentensi yake, basi, ningeiandika hivi: «Kabla ya filamu kuanza, ilitokea nembo mjongeo ya mfumo wa sauti wa Dolby, ikafuatwa na nembo ya ithibati ya THX pamoja na mngurumo wake.»