Nani Aliyekupa Haki?

Msomaji wetu wa Morogoro anauliza: "Tuseme haki za binadamu au haki za kibinadamu? Na haki hizo zinatoka kwa nani hasa, maana kila siku nasikia kwamba Katiba imetupa haki hii na ile?"

Sehemu ya kwanza naimaliza upesi. Haki ni za binadamu, kwa sababu yeye ndiye mwenyewe. Kibinadamu ni namna ya kutenda, kama tunavyosema msaada wa kibinadamu, na anayeandika "haki za kibinadamu" amezisifu haki lakini ameziacha bila mwenyewe. Neno "haki" lenyewe asili yake ni Kiarabu, ambako lina maana ya ukweli na pia ya kile kinachompasa mtu; ndiyo maana anayeapa "haki ya Mungu, sikuchukua" hadai kitu, bali anashuhudia ukweli. Wala haki na hakimu si watoto wa shina moja, kama wengi wanavyodhani: huko yalikotoka maneno hayo herufi ni mbili tofauti, ila masikio yetu yalizisikia zote kuwa k.

Sehemu ya pili ndiyo niliyokuwa nikiisubiri kwa miaka, kwa kuwa hakuna usemi unaonikera kama huu wa "kupewa haki". Katika ofisi moja ya umma niliwahi kuketi asubuhi nzima nikikabiliana na tangazo la ukutani lililosema: "Mteja unapewa haki ya kusikilizwa." Chini yake mtu mmoja, ambaye bila shaka naye aliketi pale asubuhi nzima, alikuwa ameandika kwa kalamu neno moja tu: "Lini?" Sijapata kuona uchambuzi wa sarufi uliokamilika kuliko huo. Kitu kinachotolewa kina mtoaji, kina siku ya kutolewa, na mtoaji akiamka vibaya anaweza kukirudisha kabatini. Tangazo lingesema "Mteja unayo haki ya kusikilizwa", swali la lini lisingekuwa na pa kushika, na pengine karani angeona haya kidogo.

Wapo watakaoniambia kwamba wazee wetu husema "mpe haki yake". Husema, tena husema vizuri, lakini litazameni hilo neno dogo la mwisho. Anayeambiwa ampe kibarua haki yake haambiwi atoe zawadi. Anaambiwa akabidhi kitu kilichokwisha kuwa cha mwenziwe, ambacho yeye amekikalia tu. Ndiyo maana haki hudaiwa, kama deni linavyodaiwa, na anayeizuia huitwa dhalimu wala haitwi mchoyo. Ukiondoa yake ukasema "serikali imewapa wakulima haki ya kuuza mazao yao", umegeuza deni kuwa sadaka, na mkulima ambaye jana alikuwa mdai leo ameinamishwa kushukuru. Kinachotolewa na ofisi ni ruhusa, kibali, idhini au leseni. Maneno hayo yapo na hayana kosa lolote. Sijui kwa nini tunayakwepa.

Tazama jinsi wenzetu walivyoandika pale walipoandika kwa uangalifu. Tangazo la Ulimwengu la Haki za Binadamu, lililopitishwa na Umoja wa Mataifa huko Paris tarehe 10 Desemba 1948, linaanza kwa Kiswahili hivi: "Watu wote wamezaliwa huru, hadhi na haki zao ni sawa." Wamezaliwa, hawakupewa. Sentensi inayofuata inasema wote "wamejaliwa akili na dhamiri", na hapo mfasiri ametuachia kichekesho cha kisomi. Katika mjadala wa mwaka huo ujumbe wa Brazil ulitaka itajwe kwamba binadamu ameumbwa kwa mfano wa Mungu. Peng-chun Chang, mjumbe wa China, alikuwa miongoni mwa waliopinga, na pendekezo likaachwa ili kila mtu atafute chanzo kwa imani yake. Lakini kwa Mswahili, kujalia ni kazi ya Mungu, hata pale asipotajwa. Kwa kauli moja ya kutendwa, aliyeachwa nje Paris amekaribishwa ndani kwetu.

Katiba ya Tanzania ya mwaka 1977 iliingiziwa sura ya haki mwaka 1984. Kama Katiba ndiyo iliyotupa haki, basi aliyepigwa bila kosa mwaka 1983 hakudhulumiwa, bali aliwahi tu kabla ya mgao. Waandishi wake hawakuutega mtego huo: ibara ya 12 inasema binadamu wote "huzaliwa huru", na ya 14 inasema kila mtu "anayo haki ya kuishi". Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika ibara ya 19, imekwenda mbali zaidi ikatamka waziwazi kwamba haki hizo ni za kila mtu na hazitolewi na dola.

Nakubali kwamba kituo cha televisheni hupewa haki ya kurusha mechi, kwa kuwa hiyo hununuliwa, ina mkataba na huisha msimu ukiisha. Huko pewaneni mtakavyo. Kwingine, mhariri asije akanilalamikia ufinyu wa nafasi kwenye kichwa cha habari, kwani "wamepewa" lina herufi nane na "wanayo" lina sita.