Barua kwa mwanangu: "set" na "run"

Marahaba, mwanangu. Ujumbe wako nimeupata. Unauliza kati ya "set" na "run" lipi lina maana nyingi zaidi, na ufanyeje ukikutana nayo kwenye maelekezo ya kazi hapo saiti, maana mafundi wanakusubiri uwafasirie.

Kwa muda mrefu aliyeongoza ni "set". Katika kamusi kubwa ya Oxford, toleo la 1989, hakuna neno lililokuwa na maelezo marefu kulishinda. Baadaye wahariri walipolipitia upya "run", walihesabu maana zaidi ya 600 za kitenzi hicho peke yake, likachukua nafasi ya kwanza. Nadhani mashine zimechangia sana. Kwa Mwingereza, injini, programu ya kompyuta, basi na maji ya bomba vyote "vinakimbia", na anayegombea urais naye vilevile. Kwetu injini inanguruma, programu inafanya kazi, basi linakwenda, maji yanatoka. Usishangae. Mgeni anayejifunza Kiswahili naye hutokwa jasho kwa "piga": piga simu, piga pasi, piga deki, piga picha.

"Set" lilizaliwa na "sit", kama sisi tunavyopata "kalisha" kutoka "kaa". Ukishika hilo, mengi yanafunguka: kutega mtego, kuandaa meza, kupanga tarehe, hata jua kutua. Kitu kinafika mahali pake kinatulia. Ila seti ya vyombo, au ya michoro yako ya jengo, ni ya ukoo mwingine; ilitoka Kilatini ikapitia Kifaransa cha kale, ndipo ikakutana na hili la kwanza.

Kwa hiyo angalia neno limeandamana na nani. "Run" likiwa na waya, ni kupitisha. Likifuatwa na "out of" halafu saruji, maana yake saruji inaisha, agiza mapema.

Sasa ile sentensi yako: "Do not run the mixer again until the first pour has set." Waambie wasiwashe mashine ya zege tena mpaka zege la kwanza lishike. Sema lishike, mwanangu, usiseme likauke. Zege hushika kwa sababu saruji inaungana na maji; fundi akisikia "likauke" ataacha kulimwagilia, na litapasuka.

Baba yako