Wadogo zangu, `paste` si `join`

Juzi kijana wetu wa mafunzo kazini alinijia mezani, uso umempauka kama mtu aliyeibiwa nauli stendi. "Kaka, faili limekuwa tupu." Sikumuuliza aliandika nini. Nilijua ni ile amri ya kupanga mistari ya faili kwenye terminal ya Linux: `sort vikundi.csv > vikundi.csv`. Kile kimshale hulifuta faili la kupokea kwanza, ndipo `sort` ianze kusoma, ikute sahani imeshaoshwa. Huyu ni wa tatu mwaka huu. Wa kwanza kabisa humu ofisini nilikuwa mimi, kwa hiyo hata kumfokea siwezi kwa raha.

Basi niyaandike mara moja haya ya amri za Linux na mafaili ya CSV (majedwali ya maandishi, kolamu zikitenganishwa kwa koma), nisiwe nayarudia kila anapokuja mgeni.

1. Faili la asili haliguswi. Lifunge kwa `chmod 444` liwe la kusomwa tu, matokeo yaende kwenye faili jipya. Ukilazimika kupanga palepale, tumia `sort -o`. Hiyo husoma yote kwanza.

2. Likitoka Excel, anza na `cat -A | head`, ikuonyeshe mistari ya mwanzo pamoja na herufi zisizoonekana. Ukiona `^M` mwisho wa mistari, hicho ni kiherufi cha Windows, kifute kwa `tr -d '\r'`. Namjua mtu mwenye digrii mbili aliyekesha na `join`, amri ya kuunganisha mafaili mawili kwa kolamu wanayoshirikiana, inayomrudishia mistari sifuri kwa sababu ya hicho kiherufi. Asubuhi alisema kompyuta ina virusi. Na wewe unayefungua CSV kwa Excel "niangalie tu" kisha unabonyeza hifadhi: sifuri za mbele za namba za simu umeshazila. `less -S` ipo kwa ajili ya kuangalia.

3. `cut`, amri ya kukata kolamu, haijui alama za nukuu. "Kondoa, Dodoma" kwake ni kolamu mbili. Wala `cut -f3,1` haibadilishi mpangilio, itakupa 1 kisha 3 vilevile. Kugeuza ni kazi ya `awk`.

4. Hapa sasa vuteni viti.

Mwaka wangu wa pili kazini tulikuwa na malipo ya posho ya semina, washiriki 412. Nilikuwa na mafaili mawili yaliyotoka kwenye karatasi moja ya mahudhurio: moja lina namba ya ushiriki, jina na simu, jingine lina namba ya ushiriki na kiasi. Mstari kwa mstari vilikuwa vinalingana. Mkubwa akataka orodha ya majina kwa alfabeti. Nikalipanga la majina kwa `sort`, akafurahi. Jioni mhasibu akaomba faili la malipo. Nikachukua lile lile lililopangwa, nikalibandika ubavuni mwa la kiasi, mstari kwa mstari, kwa `paste -d,`, na kwa kuwa napenda usafi, nikaitupa ile namba ya ushiriki, tena zote mbili, kwa `cut`. Kila mstari ukawa na jina, simu na pesa. Ukiutazama, mzuri!

Msiseme sikuhakiki. Nilihesabu mistari kwa `wc -l`: 412 huku, 412 kule. Nikajumlisha kwa `awk`, jumla ikalingana na ya mhasibu hadi shilingi ya mwisho. Ilikuwa lazima ilingane. Ukizivuruga karata, hesabu ya karata haibadiliki. Vipimo vyangu vyote viwili vilikuwa vya aina isiyojali nani yuko wapi, na kosa langu lote lilikuwa ni nani yuko wapi.

Pesa zilikwenda kwenye simu za watu Ijumaa. Jumamosi saa moja asubuhi simu yangu ikaita. Mzee mmoja.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Wewe ndiye wa malipo? Mimi nilikaa siku mbili, niliuguliwa. Mbona mmenilipa za siku tano?"

Nikafungua kompyuta nikiwa bado na taulo. Nilipotazama safu ya juu, wanaoanzia A wote wana pesa za waliotangulia kujiandikisha, miguu ikaisha nguvu. Wengi walihudhuria siku zote na wakaangukia pesa za mwenzao aliyehudhuria zote, hao kosa halikuwagusa. Waliobaki nikawapigia mmoja mmoja. Waliopunjwa walipokea simu kabla haijaita mara ya pili na walikuwa na mengi ya kuniambia. Waliozidishiwa, ghafla mtandao kwao ukawa mbovu. Yule mzee alirudisha siku hiyohiyo, na makato ya kutuma akayalipa yeye. Hilo ndilo lililoniuma kuliko barua ya onyo.

Kwa hiyo: `paste` hubandika tu, haijui mtu. Kinachojua mtu ni ufunguo, ile namba niliyoitupa kwa usafi. Panga mafaili yote mawili kwa `sort -t, -k1,1`, kisha `join -t,`, kisha `join -t, -v 1` na `-v 2` uone waliokosa wenzao, maana `join` huwaacha njiani bila kusema neno. Halafu chukua watu watano wa bahati nasibu kwa `shuf -n 5` uwalinganishe na karatasi ya mahudhurio kwa kidole.

5. Kwenye `sort`, usiandike `-k2` ukimaanisha `-k2,2`. Ya kwanza hupanga kuanzia kolamu ya pili hadi mwisho wa mstari.

Kijana wetu hakuwa na nakala. Nimemwambia amwandikie mwenyewe afisa aliyetutumia lile faili, aombe tena. Tangu saa nne anatunga hiyo barua pepe, na bado yuko kwenye salamu.