Cádiz kwa siku moja
Ndugu, umeuliza kama siku moja ya Cádiz, mji wa bandari kusini mwa Uhispania, inatosha ukitokea Sevilla. Inatosha, ila ukilala huko utafaidi zaidi. Treni ni kama saa moja na dakika 40, na stesheni iko jirani kabisa na mji mkongwe, kwa hiyo teksi ya nini? Anza Torre Tavira, mnara waliotumia wafanyabiashara kuchungulia meli zilizokuwa zikitoka Amerika. Mchana pita soko kuu ule tortillitas de camarones, vichapati vya uduvi vilivyokaangwa vikakauka. Mimi nilirudia mara tatu. Jioni kaa ufuoni La Caleta, jua linazama baharini mbele yako. Upepo wa Levante ukivuma, kofia usiivae, utaikimbiza.