Je, riwaya ya gothiki ni lazima iwe na mzimu?

SWALI: Ndugu Mhariri, huwa naambiwa kwamba fasihi ya gothiki ni hadithi za mizimu na makasri ya kale. Mbona basi baadhi ya riwaya zinazoitwa za gothiki hazina mzimu hata mmoja? Kaida hasa za utanzu huu ni zipi? – Msomaji

JIBU: Ndugu msomaji, mzimu si lazima. Kisichokosekana ni kosa la zamani lililofichwa, pamoja na jengo linalolificha. Usiku, dhoruba na ngazi za kushukia gizani huja kulihudumia kosa hilo.

Ndivyo ilivyokuwa tangu Horace Walpole alipochapisha The Castle of Otranto mwishoni mwa mwaka 1764, akijifanya kwamba ni tafsiri ya kitabu cha kale cha Kiitalia. Jina la hadithi ya gothiki alilitia katika toleo la pili, mwaka 1765. Riwaya inaanza kwa kofia ya vita, kubwa kupita kiasi, kuanguka uani na kumponda kijana siku ya harusi yake. Msomaji hushtuka, lakini baadaye hufahamu kwamba Manfred, baba wa kijana huyo, alikuwa na babu aliyemuua kwa sumu mwenye kasri ili amrithi, na sasa deni hilo wanalipa wazao.

Aliyeniathiri zaidi mimi ni Ann Radcliffe. Katika The Mysteries of Udolpho, ya mwaka 1794, msichana Emily anainua pazia jeusi ndani ya kasri, anaona kitu, anazimia. Na mwandishi anatunyima habari ya kitu hicho kwa mamia ya kurasa, huku kila mmoja wetu akijichorea cha kwake. Karibu na mwisho ndipo tunapoambiwa kuwa ilikuwa sanamu ya nta, yenye sura ya maiti anayeliwa na funza, aliyowekewa bwana mmoja wa zamani wa kasri hilo iwe kitubio chake. Wako wanaolalamika kwamba maelezo hayo yanaharibu utamu. Mimi naona yanaukamilisha, kwani mzimu umeondoka na dhambi imebaki pale pale ukutani.

Edgar Allan Poe, mwaka 1839, alilibana jambo hilo katika hadithi fupi: jumba la ukoo wa Usher lina ufa mwembamba kutoka paani hadi chini, na ukoo unapokatika, jumba linapasuka papo hapo. Sisi tunaoita ukoo "mlango" hatuhitaji kufafanuliwa sana hapo.

Kuhusu riwaya zisizo na mzimu, chukua Jane Eyre ya Charlotte Brontë, ya mwaka 1847. Kicheko kinachosikika usiku katika ghorofa ya juu ya jumba la Thornfield kina mwenyewe, tena yu hai: ni mke wa Rochester, bwana wa jumba hilo, aliyefungiwa humo kwa miaka, na habari zake zinafichuliwa kanisani, Rochester akiwa tayari amesimama mbele ya kasisi ili amwoe Jane.