Kabla Hamjachapa Hadithi Yenu, Ulizaneni

Juzi binti mmoja wa Morogoro ameniandikia: "Shikamoo kaka. Tuna hadithi tumeiandika watu sita kwenye WhatsApp, wasomaji ndio wanaopiga kura iende wapi. Tunataka iwe kitabu. Tuanzie wapi?" Marahaba, mdogo wangu. Nilitaka kukujibu kwa mistari miwili nikashindwa, maana umenigusa penye kidonda.

Yetu tuliianza waandishi tisa. Kila siku saa tatu usiku mmoja wetu anatuma kipande, mwishoni anaweka njia tatu, wasomaji wanajibu moja, mbili au tatu. Mhusika wetu, Mwanaidi, alipanda boti Nyamisati kwenda Kilindoni, kisiwani Mafia, kumtafuta baba yake, na sisi wenyewe hatukujua kama atafika. Usiku injini ilipozima katikati ya maji, tulikuwa tumepanga afe. Wasomaji wakakataa. Walipiga kura hadi saa sita, mama mmoja akatuma sauti analia: mwacheni huyo mtoto. Tukamwacha. Sura bora kuliko zote kitabuni imezaliwa na kura ile, na hilo nalisema kwa fahari mpaka leo.

Kazi ya kuhariri niliibeba mimi. Kwenye simu kila kipande kinaanza kwa kukumbusha ya jana na kuishia roho ikiwa juu. Kwenye karatasi inachosha, kwa sababu ya jana msomaji anayo mkononi. Nilikata karibu theluthi. Njia zilizoshindwa kura tuliziacha, isipokuwa mbili tulizoziweka mwishoni. Kama mnataka msomaji wa kitabu naye achague, aambiwe nenda ukurasa wa 52, namba hizo ziandikeni mwisho kabisa, kurasa zikishapangwa. Mkiongeza aya moja tu, zote zinahama.

Sasa kosa langu. Kwa kuwa nilihariri na nililipia uchapaji, niliona kitabu ni changu. Majina tisa niliyaweka kwenye jalada nikadhani inatosha. Nikachapa nakala 300. Kijana aliyeandika jumla ya sura 11, ambaye nilimwita mdogo wangu na alikuwa na kalamu kutushinda wote, aliliona jalada kwenye simu ya mtu mwingine. Akanipigia: "Kaka, uliniuliza lini?"

Sikuwa na jibu. Nakala zile zilikaa chini ya kitanda changu miezi saba.

Na haki ilikuwa yake. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda aliyeandika tangu anapoandika, hata asiposajili popote. Mkiandika pamoja, mnamiliki pamoja. Kulipia uchapaji hakukufanyi mwandishi. Nilikwenda kwao Mbagala, mama yake akanikaribisha chai, akakaa katikati yetu mpaka tukaandikiana karatasi moja: mgawo kwa idadi ya sura, nani ana neno la mwisho kwenye uhariri, na anayejitoa sura zake zinakuwaje. Karatasi moja tu! Ningeiandika siku ya kwanza nisingempoteza.

Kwa hiyo ulizaneni, na muandikiane. Tuache tabia ya kusema "sisi ni ndugu, hakuna haja". Undugu ndio unaotaka karatasi, kwa sababu mgeni utamdai mchana kweupe, lakini ndugu utamnyamazia huku moyo unaoza. Na wasomaji pia waulizeni, kama mtachapa maneno yao. Yule mama wa usiku wa boti tulimtafuta wiki mbili ili aturuhusu kuweka kauli yake.

Mengine ni mepesi. ISBN, yaani namba ya utambulisho wa kitabu, mnaomba Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Idadi ya kurasa igawanyike kwa 16, maana karatasi kubwa ya uchapaji hukunjwa ikatoa kurasa 16, msije mkalipia karatasi tupu. Anzeni na nakala chache. Lakini ulizaneni kwanza, narudia.

Toleo jipya limetoka wiki iliyopita, kurasa 128, majina yamepangwa kwa idadi ya sura, na la yule kijana ndilo la juu. Nakala zake nilimpelekea mama yake Mbagala, pamoja na mgawo wake kwenye bahasha. Mama amepokea, ameniombea dua. Yeye bado hajanipigia.