Playbill kwenye kioo cha duka: kwa nini ukivuka barabara haisomeki

Mkuu, umeuliza kwa nini neno KINYOZI kwenye kioo cha fremu yako ya Sinza linapendeza kwenye kompyuta, ila ukisimama ng'ambo ya barabara unaona mistari miwili tu, wa juu na wa chini. Stika haina kosa. Fonti uliyotumia, Playbill, ndivyo ilivyo.

Robert Harling aliichora mwaka 1938 kwa kiwanda cha herufi cha Stephenson Blake, Sheffield, kwa sura ya mabango ya karne ya 19. Herufi tulizozoea zina miguu (mistari ya wima) minene na vikofia (mistari ya ulalo ya juu) vyembamba. Hii imepinduliwa: kofia na viatu (mistari ya ulalo ya chini) ndivyo vinene, miguu imekonda. Ukizibana, viatu vinaungana vinakuwa reli, na jicho linasoma reli. (Ndiyo hiyohiyo wateja wanaiita fonti ya kauboi.)

Dawa ya kwanza ni nafasi. Achanisha herufi mpaka pengo kati ya kiatu na kiatu likaribie unene wa mguu mmoja. Kisha tumia jicho: K, I na N zikifuatana ndizo zinazogusana kwanza, maana zote zina viatu, O haina, kwa hiyo isogeze karibu kidogo.

Usilivute neno lijaze kioo. Ukilitanua, miguu inanenepa na kofia zinabaki vilevile, sura ya fonti inakufa. Ukilirefusha kwenda juu, kofia zinavimba. Ongeza saizi tu. Kanuni ya mabango ni sentimita 2.5 za urefu wa herufi kwa kila mita 3 za umbali, yaani mita 24 ni sentimita 20. Hiyo ni kwa fonti ya kawaida. Playbill ipe 30.

Maneno yetu ni marefu, MATENGENEZO au VINYWAJI BARIDI, na fonti nyembamba inakushawishi ujaze mstari mzima. Kataa. Playbill ibebe neno moja, mawili yakizidi. Mengine yape League Gothic, ya bure, iliyotokana na Alternate Gothic ya 1903: nayo imebana, ila miguu yake ina nyama. Namba ya simu iwe kwenye fonti pana, isiyo na mbwembwe.

Kabla ya kumpelekea fundi, geuza maandishi yawe michoro, Ctrl+Q kwenye CorelDRAW, programu ya kuchora. Kompyuta yake isipokuwa na Playbill itaweka fonti nyingine, na neno litatoka nje ya kioo. Herufi za chini ya sentimita 5 usikate kabisa, chapisha: vitundu vya A na B ni vidogo mno, na miguu hung'oka pamoja na mabaki, yaani stika ya ziada inayobanduliwa kuzunguka herufi. Hata kwenye kubwa, mabaki yavute polepole huku umeyalaza nyuma, usiyanyanyue wima.

Bandika asubuhi. Kioo kikishapigwa na jua, gundi inashika papo hapo na stika imelainika. Mguu mwembamba ukipinda hapo haunyooki tena, unakata mwingine.